MKATE NA MALAIKA: HISTORIA YA OPERA "HÄNSEL UND GRETEL" NA MAONYESHO YAKE JUKWAANI

Miongoni mwa michezo ya kuimba iliyotungwa katika lugha ya Kijerumani, ni michache iliyopendwa na wakubwa na wadogo sawasawa kama "Hänsel und Gretel" wa Engelbert Humperdinck. Mchezo wa namna hii huitwa opera: maneno yake huimbwa badala ya kusemwa, nayo okestra hupiga muziki tangu mwanzo hadi mwisho. Ulichezwa kwa mara ya kwanza mjini Weimar tarehe 23 Desemba 1893, na tangu hapo umekuwa desturi ya siku za Krismasi katika majumba mengi ya opera, Ujerumani na kwingineko. Kwa kuwa huchezwa Krismasi, na kwa kuwa una malaika, nyumba ya keki na watoto wanaocheza ngoma, wengi huudhania kuwa ni kichekesho cha watoto tu. Lakini ngano iliyouzaa ni ngano ya njaa. Makala hii imekusudia kueleza jinsi njaa hiyo ilivyofunikwa ngano ilipotoka kitabuni kuingia jukwaani, na jinsi jukwaa lenyewe lilivyokuja kuifunua tena.

Ngano hii ilichapishwa mwaka 1812 na ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, katika juzuu ya kwanza ya mkusanyo wao wa hadithi za watoto na za nyumbani, nayo ikapewa nambari 15. Wataalamu wa lugha wanamjua Jacob Grimm kwa jambo jingine pia, maana ndiye aliyeeleza kwa utaratibu, mwaka 1822, sheria ya mageuzi ya konsonanti katika lugha za jamii ya Kijerumani. Kwake yeye sarufi na ngano hazikuwa kazi mbili mbalimbali. Zote mbili zilikuwa njia ya kuutafuta urithi wa kale wa watu katika maneno yao wenyewe.

Hadithi yenyewe ni hii. Mkata kuni maskini anakaa kando ya msitu mkubwa pamoja na mkewe na watoto wawili, Hänsel mvulana na Gretel msichana. Njaa inaingia nchini, na mkate uliopo hauwatoshi watu wanne. Usiku mke anamshauri mumewe wawapeleke watoto katikati ya msitu wawaache huko. Mume anasitasita, kisha anakubali. Watoto wameyasikia yote, kwa kuwa njaa imewanyima usingizi. Mara ya kwanza Hänsel anadondosha vijiwe njiani, na kwa kuvifuata wanarudi nyumbani. Mara ya pili hana ila vipande vya mkate, na ndege wanavila. Wanapotea, mpaka wanaifikia nyumba iliyojengwa kwa mkate na kuezekwa kwa keki, yenye madirisha ya sukari. Mwenye nyumba ni bibi kizee mchawi anayekula watoto. Anamfungia Hänsel kizimbani ili amnenepeshe, lakini Gretel anamsukuma mchawi ndani ya tanuri lake mwenyewe. Watoto wanarudi kwao na vito vya thamani, na mama wanamkuta amekwisha kufa.

Katika chapa ya mwaka 1812 mwanamke huyo ni mama mzazi. Katika chapa ya nne, ya mwaka 1840, amegeuzwa kuwa mama wa kambo. Badiliko hilo ni dogo kwa hesabu ya maneno, lakini si dogo kwa maana. Katika masimulizi ya kwanza njaa ina nguvu ya kuushinda hata uzazi, na msikilizaji hana pa kukimbilia. Katika masimulizi ya baadaye kosa limepata mwenyewe: ni la yule mgeni aliyeingia nyumbani. Basi kazi ya kuifunika njaa haikuanzia jukwaani, ilianzia kitabuni.

Inafaa pia kuitazama ile nyumba ya msituni. Msomaji aliyezoea picha za vitabu vya watoto huiona imejaa peremende na keki za asali. Lakini kuta zake katika ngano ni mkate. Mwenye njaa ya kweli haoti kwanza vitamutamu, huota chakula cha kila siku. Mkate uliokosekana nyumbani ndio uliosimamishwa kuwa kuta msituni, na mtego wa mchawi umetengenezwa kwa kitu kilekile ambacho wazazi walishindwa kukitoa.

Mtu aliyeitia ngano hii katika muziki alizaliwa Siegburg, karibu na mto Rhine, tarehe 1 Septemba 1854. Humperdinck alisoma muziki Cologne, kisha Munich, akapata tuzo zilizomwezesha kusafiri Italia. Huko Naples, mwaka 1880, alikutana na Richard Wagner, mtungaji aliyekuwa akitawala fikra za opera ya Kijerumani, naye Wagner akamwita Bayreuth kusaidia katika matayarisho ya opera "Parsifal", iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1882. Katika sehemu ya kwanza ya opera hiyo, msitu hugeuka mbele ya macho ya watazamaji kuwa ukumbi mkubwa. Jambo hilo lilifanywa kwa vitambaa virefu vilivyochorwa, vilivyoviringishwa kwa mashine. Katika mazoezi ilionekana kwamba mashine ni nzito, na muziki unakwisha kabla ya vitambaa kufika mwisho. Humperdinck ndiye aliyetunga vipande vichache vya nyongeza ili okestra ivisubiri vitambaa. Baadaye mashine ilirekebishwa na nyongeza ile ikaondolewa. Hata hivyo kijana huyo alikuwa amejifunza jambo ambalo vitabu vya muziki havifundishi: kwamba jukwaani muziki na mbao ni washirika, na mmoja akichelewa mwenzake hana budi kumngoja.

Wagner alikufa mwaka 1883, na kwa miaka kadhaa watungaji wa Ujerumani walikuwa kama miche iliyoota chini ya mti mkubwa. Wengi walitunga opera za mashujaa na miungu kwa kumwiga, zikasahauliwa upesi. Wakati huohuo opera fupi za Kiitaliano zenye visa vya mapenzi na visu, hasa "Cavalleria rusticana" ya Mascagni iliyotoka Rome mwaka 1890, zilikuwa zikijaza majumba ya Ujerumani. Njia ya kutoka katika hali hiyo ilipatikana nyumbani, katika mchezo wa watoto.

Mwaka huo wa 1890 dada yake Humperdinck, Adelheid Wette, mke wa daktari, alitaka watoto wake wacheze mchezo mdogo nyumbani kumfurahisha baba yao siku ya kuzaliwa kwake. Aliandika beti juu ya Hänsel na Gretel, akamwomba kaka yake azitilie muziki. Nyimbo zile chache zilipendeza, zikaongezwa mpaka zikawa mchezo wa nyimbo na mazungumzo, na mwishowe Humperdinck akaamua kuufanya opera kamili yenye okestra kubwa ya namna ya Wagner. Wagner alikuwa ameiita "Parsifal" mchezo wa kuliweka wakfu jukwaa. Humperdinck, kwa mzaha, aliuita wake mchezo wa kukiweka wakfu chumba cha watoto. Mzaha huo una ukweli ndani yake, kwa maana ufundi wote wa Bayreuth uliingizwa katika kisa kilichoanzia sebuleni.

Asili hiyo ya nyumbani ndiyo inayoeleza mageuzi makubwa katika kisa chenyewe. Mama aliyekuwa akiandika mchezo ili watoto wake wauchezee mbele ya baba yao hangeweza kuwapa maneno ya mama anayepanga kuwaua watoto wake. Katika opera, baba, Peter, ni mtengeneza mifagio, na mama, Gertrud, ni mama mzazi, si wa kambo. Watoto wana njaa, lakini wanacheza badala ya kufanya kazi. Mama anaporudi amechoka anaghadhibika, na katika kutaka kumpiga Hänsel anauangusha mtungi wa maziwa, chakula pekee kilichokuwamo nyumbani. Kwa hasira anawafukuza waende msituni kuchuma matunda. Akibaki peke yake analia, anamwomba Mungu riziki ya wanawe, kisha analala mezani. Baba anarudi akiimba, kwa kuwa siku hiyo mifagio yake yote imenunuliwa, naye ameleta siagi, unga, mayai, viazi na hata kahawa. Ndipo anapouliza watoto wako wapi.

Tazama basi jinsi mambo yalivyopinduka. Katika ngano watoto wanatupwa kwa sababu hakuna chakula. Katika opera chakula kinafika nyumbani saa ileile watoto wanapopotea. Kosa limekuwa la hasira ya dakika moja, si la shauri la usiku, na kila mzazi anaweza kujiona ndani yake bila ya kuogopa mno. Aidha nyumba ya mchawi si ya mkate tena, bali ni ya keki za asali na viungo, ambazo Wajerumani huzila siku za Krismasi. Kitu cha njaa kimekuwa kitu cha sikukuu.

Hata hivyo njaa haikutoweka katika opera, ilihamia mahali pengine. Nyimbo mbili za watoto zilizokuwa zikiimbwa tangu zamani ziliingizwa humo. Ya kwanza, anayoiimba Gretel mwanzoni, inataja bata bukini wasio na viatu. Ni mzaha, lakini unaimbwa na watoto maskini. Ya pili ni kitendawili cha msituni juu ya kimtu kidogo kisimamacho kwa mguu mmoja na kuvaa joho jekundu, na jibu lake ni tunda la waridi mwitu. Maneno ya kitendawili hicho ni ya mshairi Hoffmann von Fallersleben, ya mwaka 1843, nao muziki wake ni wa watu. Nyimbo nyingine nyingi alizitunga Humperdinck mwenyewe, tena kwa ustadi hata baadhi yake ziliingia vinywani mwa watoto, wakaziimba kama kwamba hazina mtungaji. Hiyo ni safari adimu: ngano ilitoka kwa watu ikaingia kitabuni, kisha wimbo ukatoka jukwaani ukarudi kwa watu.

Kiini cha opera hii kwa habari ya jukwaa ni mwisho wa sehemu ya pili. Giza limeingia, watoto wamepotea, na mzee mdogo mwenye kuleta usingizi amewatilia mchanga machoni. Wanapiga magoti na kusali sala ya jioni, wakiomba walindwe na malaika 14. Sala hiyo inawagawa malaika wawili wawili, kila jozi na kazi yake kuzunguka kitanda cha mtoto. Kisha watoto wanalala, na maneno yanakwisha. Kuanzia hapo okestra hupiga peke yake, na maagizo ya mtungaji yanasema ukungu ugeuke kuwa wingu, wingu liwe mfano wa ngazi, na malaika 14 washuke wawili wawili kuwazunguka watoto waliolala. Hapana anayeimba. Yote yanaachiwa muziki, taa na miendo ya waigizaji.

Aliyetunga sehemu hiyo ni yuleyule aliyekuwa amejifunza Bayreuth namna ya kuuvuta muziki mpaka vitambaa vifike. Safari hii hakuzibia pengo la mashine, bali aliliacha pengo kwa makusudi, akalijaza sauti, akawaachia wenye jukwaa walijaze kwa macho. Maneno ya opera yamechapishwa na hayabadiliki, lakini pengo lisilo na maneno kila zama hulijaza kwa kile inachokitamani. Hapo ndipo historia ya maonyesho yake inaposomeka.

Watazamaji wa kwanza waliwaona malaika. Opera ilichezwa katika jumba la michezo la mtawala wa Weimar, na kiongozi wa okestra alikuwa Richard Strauss, kijana wa miaka 29 ambaye baadaye aliheshimiwa kama mtungaji mkubwa wa opera. Yeye alikuwa ameusoma mswada na kuukubali kuwa kazi bora. Mwaka uliofuata Gustav Mahler aliiongoza Hamburg, na Cosima, mjane wa Wagner, akaisimamia jukwaani Dessau. Tarehe 26 Desemba 1894 ilichezwa London kwa Kiingereza, katika tafsiri ya Constance Bache, na mwaka 1895 ikafika New York. Kwa wasikilizaji hao wa mwisho wa karne, ngazi ya mawingu ilikuwa ndiyo jibu: dhiki ikizidi, mbingu hufunguka. Gretel huliimba wazo hilo mapema katika mchezo, na wote huliimba tena mwishoni kwa sauti ya sala ya jioni. Maana yake inaikaribia sana methali ya Waswahili isemayo baada ya dhiki faraja. Tarehe 25 Desemba 1931, jumba la Metropolitan la New York lilipotangaza kwa redio kwa mara ya kwanza opera nzima kutoka jukwaani mwake, iliyochaguliwa ilikuwa hii. Waliosikiliza majumbani hawakuwaona malaika, lakini muziki uliwatosha.

Humperdinck mwenyewe hakuridhika na faraja hiyo moja. Opera yake nyingine ya ngano, "Königskinder", yaani watoto wa kifalme, iliyochezwa New York tarehe 28 Desemba 1910, ina mchawi, msitu na mkate pia. Lakini humo mwana wa mfalme na msichana mchunga bata bukini, waliofukuzwa na watu wa mji, wanalibadili taji kwa kipande cha mkate, nao mkate huo ni ule wa mchawi, wenye sumu. Wanaula kwa njaa na kufa thelujini, na malaika hawashuki. Kama "Hänsel und Gretel" ilikuwa imeusahau mkate, "Königskinder" iliukumbuka kwa uchungu. Tena si ajabu kwamba watu waliendelea kuipenda ile ya kwanza kuliko ya pili.

Mtungaji alikufa Neustrelitz tarehe 27 Septemba 1921. Usiku uliotangulia alikuwa amehudhuria opera "Der Freischütz" ya Weber, iliyosimamiwa jukwaani na mwanawe Wolfram, akashikwa na maradhi ya moyo mlemle. Opera hiyo ilikuwa imetolewa Berlin mwaka 1821, nayo ndiyo iliyouweka msitu wa Kijerumani, kwa sauti za baragumu na hofu za usiku, katikati ya jukwaa. Msitu wa Hänsel na Gretel ni mtoto wake.

Baada ya vita vya pili vya dunia wasimamizi wa michezo walianza kuiuliza opera hii maswali mapya. Tanuri linalochoma mtu lilikuwa gumu kuchekewa baada ya mwaka 1945, hasa katika nchi iliyolizaa. Swali jingine lilikuwa juu ya mama. Mwaka 1987, katika English National Opera ya London, msimamizi David Pountney aliwaweka mama na mchawi katika mwili wa mwimbaji mmoja. Kwa njia hiyo hatari ya msituni ilionekana imetoka nyumbani: ni lile zimwi likujualo, ambalo methali husema halikuli likakwisha. Jambo ambalo chapa ya mwaka 1840 ililificha kwa maneno "mama wa kambo" lilifunuliwa jukwaani bila ya kuongeza neno hata moja.

Mwaka 1998 Richard Jones, alipoisimamisha opera hii katika Welsh National Opera, alifanya jambo kubwa zaidi. Kila sehemu aliiweka katika namna ya jiko au chumba cha kulia, na katika pengo la usingizi aliwaondoa malaika. Mahali pao waliingia wapishi wanono waliovaa nguo nyeupe, wakitanguliwa na mtumishi wa mezani mwenye kichwa cha samaki, wakawaandalia watoto karamu. Maonyesho hayo yalifika Metropolitan ya New York mwaka 2007. Waliochukizwa walisema kitu kitakatifu kimetolewa. Lakini anayeikumbuka ngano ya mwaka 1812 ataona kwamba kuna kitu kilichorudishwa: mtoto aliyelala na njaa huota chakula. Mwaka 2008, huko Glyndebourne, Laurent Pelly aliiweka familia ile katika nyumba ya makaratasi magumu, na nyumba ya mchawi akaifanya duka lenye rafu zilizojaa vyakula vya pakiti vya rangi kali. Katika ngano mtego ulikuwa ukosefu wa mkate, lakini hapa mtego ni wingi wa vyakula vinavyouzwa.

Haifai kusema kwamba wasimamizi hao wamepata ukweli na wale wa Weimar wamekosa. Malaika wa mwaka 1893 hawakuwa uongo kwa watu waliosali sala hiyo kwa watoto wao kila jioni. Tena muziki wa pengo lile ni wa ibada, na msimamizi yeyote anayewatoa malaika analazimika kuonyesha kitu chenye uzito sawa, la sivyo muziki utamshinda. Kilicho dhahiri ni kwamba hadithi haikukwisha ilipopigwa chapa. Kitabu kiliifunga, jukwaa likaifungua.

Jambo hili linawahusu hata wanaofanya kazi ya ngano za Kiswahili. Edward Steere alichapa hadithi za Unguja mwaka 1870, na Carl Velten alitoa mwaka 1898, miaka mitano tu baada ya Weimar, mkusanyo wa hadithi za Waswahili ambao kwa Kijerumani aliupa jina lilelile la ngano walilolitumia ndugu Grimm. Vitabu vya namna hiyo ni hazina, na bila ya hivyo mengi yangalipotea. Lakini msimuliaji aliyesema "Paukwa" na kuitikiwa "Pakawa" alikuwa na mapengo yake pia: aliponyamaza, alipoinua mkono, alipomtazama mtoto mmoja zimwi lilipotajwa. Mapengo hayo hayaingii katika chapa, na humo ndimo wasikilizaji walimotia hofu zao na haja zao. Anayekusanya ngano leo, kama anataka kujua inasema nini kwa watu wake, hana budi kuandika maneno yake na pia kutazama kinachofanyika maneno yanaponyamaza.